GHALA LETU TUSILIJENGE MBUGANI
(Maneno ya Katibu kwenye mkutano wa wanaushirika)



Wengi mmesema ghala tulijenge mbugani kando ya barabara, lori lifike bila taabu. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini kabla hatujatoa michango, tuutazame udongo.

Udongo mweusi wa mbuga si tunaujua wenyewe? Kiangazi unapasuka nyufa, mkono unaingia. Mvua zikija unakunywa maji, unavimba, unanata kwenye jembe. Kwa mahindi ni mali. Kwa nyumba ni adui wa polepole. Ukivimba unainua msingi, ukikauka unaushusha. Tena haufanyi sawasawa: upande unaomwagikiwa maji ya paa unapanda, mwingine unabaki. Ukuta wa tofali haujui kupinda, basi unakatika. Ufa unaanzia pembe ya dirisha, unakwenda mshazari kama ngazi, na mlango unakataa kufunga. Kuziba kwa saruji si dawa, mvua zijazo unafunguka tena.

Wazee wa Mbulu walijenga miteremkoni. Tena nyumba ya miti na udongo hupinda kidogo isianguke. Sisi tunataka tofali na bati, basi tuzidishe hadhari.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang liliua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji vya jirani. Lile ni jambo jingine, lakini funzo ni moja: kabla ya kujenga, uliza maji yanapita wapi.

Kwa hiyo napendekeza:

1. Ghala liwe kwenye mwinuko wa udongo mwekundu. Njia ya lori tutaichonga kwa nguvu zetu.

2. Hata huko fundi achimbe mashimo ya kupima. Akikuta udongo mweusi, utolewe mpaka ardhi ngumu, pajazwe moramu na kushindiliwa.

3. Maji ya bati yakingwe yaende tangini. Ardhi ya kuzunguka ukuta iinamie nje, na mtaro uwe mbali na msingi.

4. Mikaratusi isipandwe karibu. Inanyonya maji chini ya msingi, udongo unasinyaa.

Jamani, maji yakipenya ufani, mahindi yatakayooza ni ya kila mmoja wetu. Asiyekubali aje Jumamosi asubuhi na jembe lake. Tutachimba mbugani, tutachimba mwinukoni, kila mtu aone kwa macho yake, ndipo tupige kura.

Katibu wa Tawi