Kituo kikubwa ama huduma hapa mtaani?

Uzi. Jumamosi niliongea na wakaazi wa Buruburu kwa ukumbi wa kanisa. Waliokosa wameomba maneno yaandikwe, kwa hivyo nimeyaweka hapa karibu vile niliyasema. Kanuni ni ile ya kila uzi hapa: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Ukijaribu kuyaleta kwa majibu, nitakupita tu.

Wazee wetu, kina mama, majirani, habari za mchana.

Kila msimu wa kampeni kuna ahadi moja haikosi jukwaani: "Tutawajengea kituo cha kisasa cha watoto wenye mahitaji maalum." Makofi. Mpinzani anashika maikrofoni, anasema pesa hakuna, hiyo ni kazi ya familia na kanisa. Wa tatu anasema wote wawili wanawadanganya, kwa sababu hiyo si kazi ya kaunti, ni ya serikali kuu. Wote watatu wanaongea juu ya watu tunaowajua kwa majina. Hakuna hata mmoja anayeuliza hao watu wanashinda wapi mchana.

Kwanza tuelewane. Nikisema ulemavu wa ukuaji namaanisha ule unaoanza utotoni na kukaa na mtu maisha yake yote: usonji, sindromu ya Down, mtindio wa ubongo, ulemavu wa akili. Si laana, hauambukizi, na si wazimu. Hilo la mwisho nalisema kwa sababu mpaka leo ukiuliza jirani upeleke mtoto wapi, atakwambia Mathari.

Sasa tuangalie mtaa wetu. Buruburu ilianza kujengwa miaka ya 1970, awamu baada ya awamu mpaka ya tano. Waliohamia hapa walikuwa vijana wenye kazi na mkopo wa nyumba: karani, mwalimu, nesi, mtu wa reli. Piga hesabu. Aliyenunua nyumba 1978 akiwa na miaka 30, leo amepita 75. Mtoto wake aliyezaliwa 1983 na sindromu ya Down amepita 40.

Huyo si "mtoto mwenye mahitaji maalum." Ni mwanamume mzima, ana mvi kwa ndevu. Koti yetu tuko naye mmoja. Asubuhi anasimama getini anasalimia kila mtu kwa jina, hata wale wanaojifanya wako kwa simu. Bawabu anajua asipite barabara ya Mumias South peke yake. Kinyozi anamnyoa saa mbili asubuhi kabla wateja waanze kuja, kwa sababu kelele ya watu wengi inamsumbua. Mama mboga anamwachia kazi ya kupanga nyanya. Anayemuogesha ni mamake, na mama huyo magoti yamekataa kupanda ngazi.

Shule alimaliza zamani sana. Tangu siku hiyo hana mahali pa kwenda Jumatatu. Na ile ahadi ya jukwaani, hata ikitimizwa yote, ni ya watoto.

Nyinyi mnajua swali ambalo wazazi wa umri huo hawaulizi mbele ya watu: nikienda, nani atabaki naye? Ndugu zake wengine wako Marekani ama Rongai. Nyumba yenyewe siku hizi ni ya mamilioni, na kuna mtu wa ukoo tayari anaipigia hesabu. Hapo ndipo hii hoja ya siasa inakuwa hoja ya kweli.

Turudi kwa zile sauti tatu.

Anayeahidi kituo sitaki kumcheka. Wataalamu wa tiba ya usemi na wa tiba ya mazoezi ni wachache, kwa hivyo kuwaweka pamoja kuna maana. Kuna mama hajalala usiku mzima kwa miaka, na akisikia bweni anasikia usingizi. Mimi simlaumu. Lakini jengo linajengwa mara moja, linafunguliwa na utepe, linaandikwa jina kwa ukuta. Mishahara ya watu watakaofanya kazi ndani haina utepe, na lazima ilipwe kila mwezi hata baada ya aliyekata utepe kuondoka ofisini. Ndiyo maana ahadi ni ya jengo.

Halafu kuna kufika huko. Tuseme kituo kiko upande ule mwingine wa Nairobi. Kutoka hapa unapanda 58 mpaka tao, unabadilisha, unapanda nyingine. Tuseme ni shilingi 80 kila gari. Gari mbili kwenda, mbili kurudi, watu wawili: 640. Ukienda mara tatu kwa mwezi ni 1,920. Na hiyo ni kama kondakta amekubali kupakia kijana wa kilo 60 asiyeweza kupanda mwenyewe. Mara nyingi matatu inaondoka.

Hiyo 1,920 ikumbukeni, nitarudi kwake.

Hatari nyingine ya jengo kubwa la mbali ni kwamba watu wanaingia na hakuna jirani anayeona yanayoendelea. New York walikuwa na taasisi inaitwa Willowbrook, ilijengewa watu 4,000, ikafika karibu 6,000. Mwaka 1972 televisheni ilionyesha watoto uchi wakilala sakafuni kwa uchafu. Ilifungwa 1987. Mwaka 1999 mahakama ya juu ya Marekani, katika kesi ya Olmstead, ikasema kumfungia mtu kwenye taasisi wakati anaweza kuhudumiwa kwao ni ubaguzi. Lakini huko huko Marekani, majimbo mengi yana foleni za miaka za watu wanaongojea huduma za nyumbani. Haki walipewa, pesa zikachelewa nyuma. Tusidhani neno "huduma za mtaani" ni dawa lenyewe.

Na sisi tuko kwa njia hiyo hiyo. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na kifungu cha 19 kinasema mtu ana haki ya kuishi katika jamii kama wengine. Kuna mkakati wa taifa wa 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha kwa familia, na Sheria ya Watoto ya 2022 inaelekea huko huko. Ni jambo zuri. Ila mtoto wa mtindio wa ubongo akirudishwa kwa nyumba ambayo mama anatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kibarua, na hapa chini hakuna hata chumba kimoja cha kumwacha mchana, tumemtoa makao tukamfungia ndani ya nyumba. Kufuli ni ile ile.

Sauti ya pili: pesa hakuna, ni kazi ya familia.

Familia inafanya kazi hiyo tayari. Huyo mama wa koti yetu amefanya zamu ya usiku na ya mchana zaidi ya miaka 40 bila likizo wala mshahara wala pensheni ya kazi hiyo. Hakuna mtu anayeomba familia ipumzishwe kabisa. Wanaomba saa chache.

Serikali inatoa nini? Chini ya Inua Jamii kuna pesa za watu wenye ulemavu mkubwa, wale wanaohitaji mtu wa kuwaangalia saa 24. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na anayepokea ni yule mlezi. Gawa kwa siku 30, ni kama shilingi 67. Sasa ile 1,920 ya matatu iweke kando yake. Zimebaki shilingi 80, na ni nauli ya gari moja.

Tena lazima familia ionekane maskini kabisa. Hapo Buruburu tunakwama kwa njia ya ajabu. Anayepita Rabai Road anaona mapaa ya vigae na mageti, anasema hawa wako sawa. Haoni mjane anayekula kodi ya chumba kimoja cha ekstensheni, ndani ana mtu wa miaka 40 anayevaa nepi. Jirani zetu wa mitaa ya mabanda angalau mashirika huwatembelea. Hapa kwetu geti linaficha.

Kuna hii pia: "hawa watu ni wachache." Sensa ya 2009 ilisema wenye ulemavu ni asilimia 3.5, ya 2019 ikasema asilimia 2.2. Mtu akikuambia walipungua, mwambie maswali yalibadilika. Ya 2019 ilihesabu ulemavu kuanzia miaka mitano kwenda juu, kwa hivyo watoto wadogo hawamo, na umri huo ndio mtoto anafaa kutambuliwa na kusaidiwa mapema. Usisahau pia kuna nyumba ambazo karani wa sensa aliambiwa, "Tuko watatu tu," na wa nne alikuwa chumba cha nyuma.

Sauti ya tatu ndiyo hunikasirisha zaidi, kwa sababu inaonekana ya kisomi. "Si kazi ya kaunti."

Fungua Katiba, Jedwali la Nne. Elimu maalum imepewa serikali ya kitaifa, hiyo ni kweli. Hospitali kubwa za rufaa pia. Lakini vituo vya afya vya kaunti na afya ya msingi ni vya kaunti. Elimu ya chekechea ni ya kaunti. Vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya ususi na kazi za nyumbani, na vituo vya kulelea watoto, vyote vimetajwa kwa mstari mmoja, na ni vya kaunti. Kwa hivyo mtu wa kaunti akikwambia mikono yake imefungwa, muulize ni mkono gani. Na wa serikali kuu akikurudisha kaunti, mkumbushe zile 2,000 ni zake, na Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, ilipitishwa na Bunge la kitaifa.

Huduma hapa mtaani zingekaaje basi? Wengine wanafikiri naongea ndoto.

Tuna wahudumu wa afya ya jamii. Mwaka 2023 serikali iliwapa vifaa zaidi ya 100,000 nchi nzima, kila mmoja na nyumba kama 100, posho ya shilingi 5,000 ikigawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Wanaingia mpaka sebuleni. Kile kitabu cha kliniki cha mama na mtoto kina ukurasa wa hatua za ukuaji: akae lini, asimame lini, atamke maneno lini. Ukurasa huo nimeuona mtupu kwa vitabu vingi kuliko vile ningependa. Mhudumu akifundishwa kuuliza kuhusu huo ukurasa, na akiwa na mahali pa kumtuma mzazi, tumeanza. Asipokuwa na mahali pa kumtuma, atakuwa amempelekea mzazi habari mbaya na kuondoka.

Mahali hapo si lazima pawe jengo jipya. Jericho kuna kituo cha afya. Mtaalamu wa tiba ya mazoezi akikaa pale siku mbili kwa wiki, kina mama wa Buruburu, Jericho na Uhuru wanafika kwa miguu. Mitaa hii ya Eastlands ilirithi kumbi za jamii, Kaloleni iko na yake, Jericho iko na yake. Mchana siku za kazi ukumbi una kazi gani? Watu wazima kumi, walezi wawili waliofundishwa na wanaolipwa, chai, kazi za mikono, bustani. Saa tatu mpaka saa tisa. Mama anaenda hospitali yake mwenyewe, anaenda benki, anarudi analala kidogo.

Nimesema wanaolipwa. Tukianza na watu wa kujitolea tutakuwa na picha nzuri za siku ya kwanza, na kufikia mwezi wa nne mlango umefungwa.

Swali gumu lilitoka kwa mzee mmoja aliyekaa nyuma, na nilimwahidi nitaliandika vile alivyoliuliza: "Mimi nikifa usiku, asubuhi ni ofisi gani inajua kuna binti yangu ndani ya hiyo nyumba?" Nilimjibu kwamba sijui ofisi yoyote ambayo kazi yake ni hiyo. Ofisi ya chifu inaweza kuwa na jina lake kama aliandikishwa Inua Jamii. Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu linaweza kuwa nalo kama ana kadi. Lakini daftari linalomwambia mhudumu wa mtaa "katika nyumba hii kuna mtu mzima anayelelewa na mzazi wa miaka 80, pita kila wiki" halipo, na kulianzisha hakuhitaji kontrakta. Mgombea akija hapa na ramani ya kituo, mwacheni amalize, halafu mmuulize hilo swali la mzee.

La mwisho ni tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti unafaa kufikishwa kwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Karatasi ya mwelekeo wa bajeti, Februari 28. Makadirio yenyewe, Aprili 30. Kabla ya hapo kuna vikao vya maoni ya umma, na kwa vikao hivyo watu wa barabara na mitaro hufika wengi, sisi hatufiki. Mwakilishi wadi akiambiwa "tusaidie walemavu" atakubali kwa kichwa na hakuna kitakachoandikwa. Akipewa karatasi yenye kiasi, mahali na idadi ya siku, lazima ajibu ndiyo au hapana.

Kwa hivyo tunaandika ukurasa mmoja. Mtaalamu siku mbili kwa wiki, Jericho. Ukumbi siku tano, walezi wawili kwa mshahara. Daftari la mtaa. Karatasi ziko pale mezani karibu na mlango. Hatuandiki majina wala namba ya nyumba, tunaandika umri wa mtu na umri wa anayemlea. Mkianza na watu wazima itakuwa vizuri, wa shule tutawapata kwa walimu.