Kufunga watu ao kuacha virusi vipite? Maneno tuliyosoma mbele ya vijana wa Bijombo na wa Uvira



Kwanza pole na safari kwa wale walioshuka na miguu toka Bijombo. Tunajua ile njia. Pole pia kwa wa Mulongwe, Kakombe na Kavimvira. Nyinyi mmekuja na vumbi tu, lakini na lenyewe ni safari.

Tulipewa ulizo moja la kuongelea: ugonjwa mkubwa ukiingia katika inchi, ni vizuri kufunga watu ndani, ao kuacha virusi vitembee mpaka watu wapate kinga wenyewe? Mtauliza kwa nini turudilie mambo ya 2020. Ni kwa sababu mpox iko hapa. Ile aina mpya ilionekana Kamituga mu 2023, ikateremka mpaka kwetu, na tayari maneno ya zamani yamerudi ndani ya magrupu ya WhatsApp. Huyu anasema wafunge masoko. Yule anasema waache, kila mtu augue mara moja, itaisha.

Tukumbuke basi. Kesi ya kwanza ya korona katika Kongo ilitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Tarehe 24 Machi rais Tshisekedi akatangaza hali ya dharura na Kinshasa ikatengwa na mikoa. Masomo na makanisa vilikuwa vimekwisha kufungwa. Kisha gavana wa Kinshasa akasema mji wote utafungwa kuanzia tarehe 28. Siku ile ile bei ya chakula ikapanda, watu wakajazana sokoni wakisukumana, na mbele tarehe ifike uamuzi ukarudishwa nyuma. Mwishoni walifunga komini ya Gombe, kuanzia tarehe 6 Aprili. Gombe ni mahali pa wizara na mabenki, mahali watu wako na frigo. Mwenye frigo anaweza kukaa ndani wiki mbili. Mama anayeuza ndagala Kalundu anakula leo kile ameuza leo.

Na hapa kwetu? Mpaka wa Kavimvira ulifungwa, na wale waliokuwa wanavuka kila asubuhi kutafuta maisha Burundi wakabaki wanaangalia barabara. Redio ilisema: kaeni nyumbani, naweni mikono. Usiku wa tarehe 16 Aprili kuamkia 17, mvua ikanyesha, mto Mulongwe ukatoka ndani ya njia yake, ukabeba nyumba, madaraja na watu. Makumi ya watu walikufa, maelfu wakakosa nyumba. Sasa kukaa nyumbani, nyumba gani? Watu walilala ndani ya makanisa na masomo, yale yale yaliyofungwa ili watu wasisongamane. Kunawa mikono, na maji gani? Mitambo ya maji iliharibika, tukachota ziwani na bidoni, na kipindupindu nacho hakikungoja korona imalize. Mwaka ule ule walikuja kutoa vaksini ya kipindupindu ya kunywa hapa Uvira. Korona ilikuwa na jina kubwa, lakini wengi wetu tuliogopa zaidi kuhara.

Kwa watu wa Bijombo tunasema kwa aibu, kwa sababu sisi wa mjini tulilalamika sana juu ya konfinema ya miezi mine. Kule juu, kufungiwa kulianza mbele ya korona. Vijiji vilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa, watu wa jamii zote wakakimbia na kulala kumi ndani ya chumba kimoja. Shamba liko kilima cha ng'ambo lakini huwezi kuvuka. Vaksini ya watoto inapanda mgongoni mwa mtu, ndani ya kisanduku chenye barafu, na ikiwa masasi yanalia, infirmie anangoja na barafu inayeyuka. Ukimwambia mtu wa pale asogee metre moja kutoka kwa mwenzake, atakucheka tu.

Basi, kwa kuwa kufunga hakukufaa, wengi wetu tulikimbilia upande wa pili. Tuseme ukweli: sisi wenyewe, wenye diploma na bila kazi, tulikuwa na muda mwingi wa kusoma na tulipenda ile hesabu. Mu Oktoba 2020 maprofesa watatu, Gupta, Bhattacharya na Kulldorff, waliandika tamko lao Marekani: wenye nguvu waishi kawaida, wapate kinga, na wazee walindwe. Tukasema, ni sisi hao! Kongo ni vijana watupu.

Lakini mzee anayelindwa, analindiwa wapi? Koko analala chumba kimoja na wajukuu watatu. Mmoja wetu alimzika babu yake katikati ya 2021. Hakupimwa, kwa hiyo hatutasema ilikuwa korona. Tunachojua ni kwamba sisi tulikuwa tunakohoa wiki ile, na tulienda kumusalimia, na tulikaa karibu naye kwa sababu ndiyo heshima. Tangu siku ile hesabu ya asilimia inatukwama kooni.

Na mahali walipoacha virusi vitembee, haikuwa kama ilivyoandikwa. Manaus, mji wa Brazil, wachunguzi walikadiria kwamba karibu robo tatu ya watu walikuwa wameambukizwa kufika Oktoba 2020. Wakafikiri imekwisha. Januari 2021 wagonjwa walijaa tena mpaka oksijeni ikaisha hospitalini. Upande wa ng'ambo ya ziwa, Tanzania haikufunga watu, na kwa hilo Magufuli alikuwa na sehemu ya haki: mwenye njaa hafungiki. Lakini mu 2020 waliacha kutoa hesabu, kesi zikiwa 509. Boti za Kigoma zinafika Kalundu. Jirani akificha hesabu, ni sisi tunabaki gizani pamoja naye.

Tena, kuacha ugonjwa upite tumekwisha kuujaribu, na hatukuita jina lake. Surua ya 2019 na 2020 iliua zaidi ya watu 6,000 katika inchi yetu, wengi watoto wadogo. Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, iliyoleta magari na kamera zote, iliua 2,287. Kwa surua, kinga ya kundi inataka karibu watoto 95 juu ya 100 wawe wamepata vaksini. Hawakupata. Virusi vikapita, kinga ikaja juu ya makaburi.

Na vaksini ya korona ilipokuja? Doze milioni 1.7 zilifika Kinshasa tarehe 2 Machi 2021, zikakaa, kazi ikaanza tarehe 19 Aprili, kisha milioni 1.3 hivi zikarudishwa zipewe inchi zingine mbele ziharibike. Serikali ilichelewa, ndiyo. Lakini zile video za uongo, ati ukichanjwa hutazaa, ni nani alizituma? Tuliangalia simu zetu. Nyingine zilikuwa zetu.

Kwa hiyo hatuko upande wa kufunga, wala hatuko upande wa kuacha. Anayetaka kufunga soko alete kwanza unga na maji. Anayetaka tupate kinga ailete ndani ya sindano.

Doze za kwanza za vaksini ya mpox zilifika Kinshasa tarehe 5 Septemba 2024. Jumatatu tunapeleka barua kwa wakubwa wa afya, wa Uvira na wa zone ya Hauts-Plateaux. Tunauliza doze ngapi zitapanda mpaka Bijombo, nani atazibeba, na ni nani kati ya wenye silaha ameombwa aache njia wazi siku hiyo. Tunauliza pia wagonjwa waliolala hospitalini wanapata wapi maji ya kunawa. Barua iko pale mezani, haijafungwa. Wa Bijombo waisome kwanza na waongeze yao, kisha sisi wa mjini tutie sahihi chini yao.