Gari Limepiga Magoti

Msikilizaji, Jumamosi nilipitia gereji moja ya wazi hapa Bondeni, Nakuru, kuchukua pikipiki yangu, nikakuta sedani nyeusi ya Kijerumani imepiga magoti. Upande wa mbele kulia ulikuwa umeshuka mpaka madigadi imelalia tairi, kama ngamia anayengoja kupakiwa. Mwenyewe, jirani yangu mwalimu, alikuwa amesimama kando, mikono mfukoni.

Fundi hakuwa na haraka. Alichukua chupa ya maji ya sabuni, ile ya kunyunyizia kwa kinyozi, akaulowesha mpira ulio juu ya gurudumu. Tukainama sote watatu. Kwenye mkunjo mmoja wa mpira kikaota kipovu, kikapasuka, kikaota kingine.

"Hapa ndipo pesa inapotorokea, mwalimu," akasema.

Gari la aina hiyo halina springi mbele. Limebebwa na maputo ya mpira yaliyojaa hewa, na kompresa ndogo iliyofichwa ndani ndiyo huyapuliza. Ukilipanda ni kama umekalia godoro. Lakini mpira ni mpira. Hukauka, hukakamaa, na mchanga ukiingia kwenye mikunjo husugua kila gari linapopanda na kushuka tuta. Na kwa matuta, nani atatushinda sisi? Vumbi nalo lipo. Wengi husema jina la Nakuru lenyewe limetokana na neno la Kimaasai la vumbi. Mjerumani aliyechora puto lile hakuwa na habari zetu.

Puto likivuja, kompresa haipumziki. Mwalimu alikiri kwamba kwa miezi miwili alisikia mlio kama nyuki waliofungiwa chunguni, akaongeza sauti ya redio. Natumaini ilikuwa stesheni hii. Kompresa nayo ikaungua. Shida moja ikazaa ya pili, na bei ya puto jipya, moja tu, alipoiulizia Nairobi, ilizidi karo ya muhula ya kifungua mimba wake aliye bwenini.

Kwa nini alilinunua? Kwa sababu aliuziwa kwa bei ya kigari kidogo cha Kijapani. Hapo ndipo mtego ulipo. Gari la kifahari hushuka bei kama jiwe lililotupwa kutoka ukingo wa Menengai, lakini spea zake hubaki juu kulekule. Pampu ya gari lililokuwa la mamilioni ni pampu ya gari la mamilioni, hata kama wewe umelipata kwa laki saba.

Tazama pia umri. Kiwango cha shirika la viwango la Kenya (KEBS), KS 1515, hakiruhusu gari la mtumba kuingia nchini likiwa limepita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Sina ugomvi nacho. Ila mnunuzi wetu hutafuta la mwaka wa saba, maana ndilo rahisi, na ni katika umri huo mpira huanza kupasuka na plastiki za mfumo wa maji kugeuka biskuti. Kule Japani gari hupelekwa ukaguzi wa serikali likifika miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo, shaken, hugharimu, kwa hiyo wengi huuza mapema. Tunapokea gari pale ambapo mwenzetu ameona gharama inakuja. Halafu juu yake kuna ushuru wa forodha wa asilimia 35, ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 au zaidi kwa injini inayozidi 1500cc, kisha VAT ya 16. Asiyeuweza mzigo huo hununua lililokwisha kuzunguka nchini, namba ya KBL au KBQ, lililopita mikono minne.

Sasa ukiitwa kutazama Benzi lenye maandishi ya Kompressor mgongoni, C200 au E200 za injini ya M271, nenda alfajiri. Mwambie mwenyewe asiliwashe kabla hujafika. Baridi ya Nakuru itakusaidia. Likiwashwa, tega sikio sekunde zile za kwanza. Ukisikia mkwaruzo, kama njugu ndani ya mkebe, cheni ya taimingi imerefuka, au meno ya gia za kamshafti yamelika. Cheni ikiruka, valvu hukutana na pistoni, na hapo unatafuta injini nyingine. Na ukifika ukute boneti lina joto tayari, jiulize ni nani alikuwa na shughuli na gari hilo saa kumi na moja alfajiri.

E-Class za W211, zile za kabla ya 2006, zina breki za umeme ziitwazo SBC. Pampu yake huhesabu kila unapokanyaga breki, na hesabu ikitimia, dashibodi inadai ibadilishwe. Mwaka 2004 Mercedes wenyewe waliita magari 680,000 yarudi kwa sababu ya breki hizo, na toleo la 2006 likarejea breki za kawaida. Fikiria pampu inayohesabu, na wewe unateremka Salgaa nyuma ya malori.

Kwa BMW, uliza oili ya giaboksi. Utaambiwa ni ya maisha, haibadilishwi. Maisha ya nani? ZF, wanaounda nyingi za giaboksi hizo, hupendekeza ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Halafu uliza pampu ya maji, maana kwenye injini nyingi za BMW ni ya umeme, nayo haikuagi. Hukuachia mlimani, ukitoka Naivasha kupanda Kinungi, kati ya wauza viazi, boneti likifuka.

Wajapani nao si malaika. Injini ya Mark X ya 2.5, 4GR, hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo valvu za kuingizia hewa hazioshwi na petroli, masizi yanaganda, gari linatetemeka likisimama. Tofauti ni kwamba fundi wa mtaani anaijua dawa, na spea iko Kirinyaga Road, Nairobi, ile ambayo wazee bado huiita Grogan.

Petroli sitaipigia kelele, hesabu tu. Nakuru hadi Nairobi na kurudi ni kama kilomita 320. Gari likila lita moja kwa kilomita nane, ni lita 40. Tuseme lita ni shilingi 180: 7,200, kabla hujanunua hata maji ya kunywa.

Baada ya uhuru watu wa Afrika Mashariki walitunga jina la kabila jipya, Wabenzi, wakubwa waliojulikana kwa gari badala ya ukoo. Siku hizi kabila limefungua milango, mwalimu pia anaingia. Ada ndiyo hulipwa gereji.

Nilirudi jioni. Fundi alikuwa ameng'oa maputo yote mawili ya mbele na kufunga springi za kawaida. Wenye mapenzi ya magari haya watasema ni dhambi. Mimi nasema ni akili. Gari limesimama, pua imeinuka kidogo kama la kijana wa rali ya Naivasha. Lakini taa ya onyo kwenye dashibodi ilikataa kuzima, kwa kuwa kompyuta bado inatafuta hewa. Fundi akakata kipande cha utepe mweusi aifunike.

Mwalimu akamshika mkono. "Iache iwake," akasema. "Nataka mke wangu aione, ajue sikudanganya pesa ilikokwenda."