Kuhamia Dodoma bila kazi mkononi

Tangu treni ya umeme ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, kufika makao makuu si kazi tena. Kukaa ndiyo shughuli.

Mtumishi wa umma akihamishwa, mwajiri hugharamia safari, mizigo na posho ya kujikimu. Mama lishe anayewafuata wateja wake kwenye Mji wa Serikali wa Mtumba, au fundi aliyesikia kuna majengo yanapanda, hujihamisha kwa mfuko wake, watoto juu.

Na mfuko huo haumalizwi na nauli. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Dalali naye anadai ya mwezi mmoja, tena wapo wanaotoza hata kuonesha chumba tu. Ukitoka hapo, hela ya sufuria, mkaa na mchele imeshageuka risiti, kama risiti yenyewe ipo. Paa mtu analo, biashara hana.

Wengine humtanguliza baba, mama akabaki na watoto hadi muhula uishe. Ni busara, maana uhamisho wa mwanafunzi hutegemea nafasi kule anakokwenda. Lakini hizo ni nyumba mbili zinazosubiri kipato ambacho hakijapatikana.

Tunapozungumzia ajira mijini, kodi ya nyumba hatuitaji. Ingelipwa mwezi kwa mwezi, familia inayohamia Nkuhungu au Nzuguni ingebaki na mtaji wa kuanzia wiki ileile. Serikali iliyoweza kuhamisha wizara zake nzima haishindwi kulisimamia hilo.