Kifaransa na Watu wa Kusini
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Makote)



Wengi wetu twadhani ya kuwa Kifaransa ni lugha ya mbali, isiyotuhusu sisi watu wa Newala na Masasi. Naomba ruhusa kuonyesha kwamba sivyo.

Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, jina lake Morice, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa, apewe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa bei ya piasta 20 kila mtu. Katika biashara hiyo watu wa bara walipelekwa visiwa vya Île de France na Bourbon, ndivyo Morisi na Réunion vya leo, kulima mashamba ya Wafaransa. Miongoni mwao walikuwamo Wamakua na Wayao, jamaa zetu.

Huko mashambani watu wa lugha mbalimbali iliwapasa kuelewana, nao hawakuwa na mwalimu wala kitabu. Wakayatwaa maneno ya Kifaransa, wakayapanga kwa namna yao wenyewe, ndipo ikazaliwa lugha ya Krioli. Waingereza walikiteka kisiwa cha Morisi mwaka 1810, wakakiacha huru mwaka 1968. Lakini hata leo Krioli ndiyo lugha ya nyumbani ya watu wengi kule.

Mwaka 1876, miaka mia baada ya mkataba ule, Askofu Steere aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani. Hao walipata kurudi bara. Wale wa visiwani hawakurudi, lakini lugha waliyoiunda ingaliko.

Na leo Kifaransa kimetukaribia tena, kwa njia ya heri. Ni lugha ya serikali katika Komoro, ng'ambo ya bahari yetu, na katika Rwanda, Burundi na Kongo. Rwanda na Burundi ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo mwaka 2022. Karani asiyejua neno la Kifaransa atazisomaje barua za jirani zake?

Basi, anayejifunza Kifaransa asijione amekuwa Mzungu, wala anayekichukia asidhani ni mali ya Wazungu peke yao. Watu wa kwetu walikwisha kukilipia kwa jasho.

Kwa hiyo naomba chama chetu kifungue darasa la Kifaransa, jioni moja kila juma.