Ukikuta Vigae, Usivihamishe



Katika miaka ya 1960 mtafiti Robert Soper alichimba hapa Kwale na kufukua vigae vya vyungu vya zama za mwanzo za chuma, yapata karne ya 3. Vyungu vya aina hiyo vimepatikana Tanzania pia, na hata huko wataalamu huviita vya Kwale.

Kulinganisha huko kunawezekana kwa sababu iliandikwa kila kigae kilitoka wapi. Mwaka 1971 Charles Nelson alipendekeza utaratibu mmoja kwa Afrika nzima: herufi nne za mraba wa ramani, kisha namba ya eneo. Lukenya, kwa mfano, ina GvJm22. Ni kama namba ya ploti. Mtafiti wa Dar es Salaam au London huielewa vilevile.

Kigae kilichookotwa Diani kikapambia sebule hakina namba hiyo, hata kiwe kizuri vipi. Basi anayechimba msingi au shimo la choo pale Msambweni akikuta vigae, asimame kwanza. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inampa siku 7 kuyaarifu Makavazi, akieleza mahali hasa na jinsi alivyovipata.