Kifusi cha Kiamaiko kina kazi, lakini si kila kazi



Jengo likibomolewa hapa mtaani, vyuma havilali: wanunuzi wa vyuma kuukuu huvibeba siku hiyo hiyo. Konkriti ndiyo hubaki njiani, na mara nyingi huishia kingoni mwa Mto Mathare. Hakuna mahali pabaya kuliko hapo. Kifusi hubana mto, na mvua ikija maji huingia vyumbani. Mafuriko ya Aprili 2024 hayajasahaulika.

Konkriti hiyo ikipondwa hadi ukubwa wa kokoto, ikachekechwa na kushindiliwa tabaka kwa tabaka, huwa tandiko zuri chini ya njia ya miguu au ua wa ploti. Mbao, udongo na plasta ya jasi huondolewa kwanza. Wapondaji huinyunyizia maji na kufunika pua, maana vumbi lake huharibu mapafu. Mabati ya asbesto hayapondwi kamwe.

Ila kokoto hiyo isiingie kwenye nguzo wala slabu ya ghorofa. Saruji ya zamani iliyoigandia hunyonya maji. Fundi naye huongeza maji ili mchanganyiko ulainike, na konkriti hudhoofika. Jirani hapa Huruma, Aprili 29, 2016, ghorofa liliporomoka usiku wa mvua, wakafa watu wapatao 50. Kosa la jengo lile halikuwa kokoto kuukuu. Lilikuwa kando ya mto na lilikwisha kutajwa kuwa hatari. Hata hivyo, anayejenga ghorofa anunue kokoto mpya, na mhandisi aikague kabla slabu haijamwagwa.